Alichokiona Bi Kazija

Kwa miaka thelathini na miwili Bi Kazija aliwaosha wanawake waliokufa katika mitaa ya Kajificheni, Sokomuhogo na Mkunazini, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema maiti fulani alikuwaje. Alitoka katika nyumba ya msiba na ndoo yake tupu na uso wake mtupu. Watoto waliogopa kula mkononi mwake. Watu wazima waliona ni heshima kumwita.

Kazi hii hakuichagua. Mwaka ule wa ndui, binti yake wa pekee, mwenye miaka minne, alikufa asubuhi, na mwosha wa mtaa akakataa kuingia ndani. Alisimama nje ya mlango, kitambaa puani, akamwelekeza mama kwa sauti: sasa mwinue kidogo, sasa mkamue tumbo taratibu, sasa upande wa kulia. Kazija akafanya kila aliloambiwa. Ngozi ya mtoto ilijaa vidonda hata hakujua amshike wapi. Alipomaliza, yule mwosha akamwuliza kutoka nje, "Yukoje?"

"Mzuri," Kazija akajibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumsitiri maiti. Tangu siku hiyo kila aliyeosha alikuwa mzuri.

Mwaka wa 1954 aliletewa Wanu, mjukuu wa dada yake, msichana wa Matemwe mwenye miaka kumi na saba na shingo ndefu. Alikuwa amepata nafasi katika skuli ya wasichana mjini na hakuwa na pa kulala. Bi Kazija alikuwa mjane, na chumba kimoja cha nyumba yake hakikuwa na mtu.

"Humu ndani mna sheria mbili," alimwambia siku ya kwanza. "Usishike tama, na usiniulize nilikotoka."

Wanu, ambaye alikuwa ameshaegemeza shavu kiganjani, akauondoa mkono haraka.

Darasani kwa Wanu palitundikwa picha kubwa ya mtu aliyechunwa ngozi, misuli imekolezwa wekundu, mikono ameifungua kama anayeomba radhi. Mwalimu wa elimu ya afya alikuwa akimgusa kwa fimbo: ini, figo, bandama. Kisha akawapa wasichana wa darasa la mwisho kazi ya mwaka mzima. Kila mmoja aandike daftari juu ya mwili wa binadamu katika maisha ya nyumbani kwao, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa.

"Sitaki niliyokufundisheni mimi," alisema. "Nataka wanayoyajua bibi zenu."

Daftari bora lingempatia mwandishi wake nafasi ya kusomea ualimu. Nafasi ilikuwa moja. Wanu akanunua daftari la kurasa themanini, akalivika karatasi ya kahawia, akaanza na mtu aliyekuwa karibu naye.

"Bibi, kitovu changu kimezikwa wapi?"

Bi Kazija alikuwa anachambua mchele. "Matemwe, nyuma ya nyumba ya babu yako. Ndiyo maana likizo ikifika tu unakimbilia huko."

"Na kucha kwa nini tunazizika?"

"Kwani ungezitia wapi? Mchuzini?" Akatupa kijiwe. "Kucha, nywele, jino la mtoto, vyote vinarudi chini. Ni mwili huo, mwanangu. Hata ukianguka kidogo kidogo ni mwili, na mwili una mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Muulize mwalimu wako. Si yeye aliye na mtu asiye na ngozi?"

Basi Wanu akaandika. Aliandika kwamba mtoto aliyelala havukwi miguu, asije akadumaa. Aliandika juu ya wanja unaotiwa kwenye kipaji cha uso wa mtoto mzuri ili jicho la hasidi liangukie hapo na lisiende mbele. Aliandika juu ya mkaja, ile nguo ndefu anayofungwa mzazi tumboni kwa siku arubaini, na wanawake wanaomjua mwenye mimba kwa kutazama mshipa wa kooni tu. Alichora koo, akachora mshipa. Kila jioni baada ya sala ya alasiri alimsomea Bi Kazija aliyoyapata, na Bi Kazija, ambaye alisoma Kurani lakini hizi herufi za skuli hakuzijua, alisikiliza huku ametabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Haya yote tunayafanya sisi?" alisema siku moja. "Mbona tuna kazi nyingi hivi?"

Mwezi wa tatu wa kazi ile, Wanu alichukua daftari lake akaenda kwenye kupaka hina na piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, nyumbani kwa bibi harusi, Sokomuhogo. Wanawake walijaa ukumbi mzima, miguu imenyoshwa, mikono imeachwa hewani ikauke.

"Msomi, andika na hili!" mmoja akampigia kelele, akainua mguu. "Andika: kisigino cha Bi Riziki kina nyufa kama ukuta wa Ngome!"

"Ngome angalau inapigwa chokaa!" akajibiwa kutoka pembeni, na ukumbi ukaangua kicheko.

Shemsa alikuwepo, na mtoto wake wa miezi minane mapajani. Alikuwa na miaka ishirini, jirani wa mtaa wa pili, mke wa Matar fundi saa. Wanu alimjua kwa sababu alisoma na mdogo wake, Khamisa. Matar naye alijulikana na kila mtu. Alikaa dukani na kioo chake kidogo jichoni, akitengeneza kwa ncha ya sindano vitu ambavyo wengine hata kuviona hawawezi, na mtu akipita akamwuliza saa, alisimama kabisa kabla ya kujibu. Wanu mwenyewe alikuwa akimwuliza kila asubuhi. "Saa moja kasoro dakika saba, dada yangu. Utafika mapema."

Zamu ya Shemsa ilipofika, mwanamke aliyekuwa akipaka piko akamwambia, "Kunja mikono ya nguo nikupake mpaka viwikoni."

"Mpaka hapa tu, yatosha," alisema Shemsa, akaonyesha kifundo cha mkono.

"Khaa! Unaona haya mbele yetu?"

"Mwacheni," alisema Bi Riziki. "Mumewe anamfunga saa mkono mzima, hamna pa kupaka!"

Wakacheka wote. Shemsa naye akacheka, amechelewa kidogo kuliko wenzake.

Jioni ile Wanu aliandika kwa mwandiko mzuri: *Wengine hupakwa mpaka viwikoni, na wengine hupendelea mpaka vifundoni tu.*

Wiki tano baadaye, asubuhi ya Jumatatu, mtu alikuja mbio nyumbani kwa Bi Kazija. Shemsa ameanguka ngazini, amekufa. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni za mteremko mkali, kila mtaa ulikuwa na mtu aliyewahi kuanguka, na hakuna aliyeona la ajabu. Kumpeleka hospitali mtu aliyekwisha kufa ni kumkabidhi kwa visu, watu walisema hivyo, na mume alikuwa wa kwanza kusema. Atazikwa alasiri.

Mwanamke aliyezoea kumsaidia Bi Kazija alikuwa hoi kwa homa. Bi Kazija alimtazama Wanu, ambaye hakuwa amekwenda skuli siku ile kwa kuwa ilikuwa mapumziko.

"Umekuwa ukitaka kuiona sehemu ya mwisho ya daftari lako," alisema. "Nguvu za kuinua ndoo unazo?"

"Naam, Bibi."

Njiani, mbele ya mlango wa nyumba ya msiba, alimsimamisha. "Sikiliza. Mle ndani utamwona mtu ambaye hawezi kuvuta nguo ajifunike. Sisi ndio mikono yake. Utakachokiona kinabaki mle mle. Hata mimi usiniambie."

Uwanja wa ndani ulikuwa umezungushiwa mashuka. Ufuo, ule mfereji wa kupokea maji ya maiti, ulikuwa umeshachimbwa chini ya kitanda cha kamba. Majani ya mkunazi yalikuwa yamepondwa kwenye bakuli na karafuu maiti imeshasagwa. Bi Mize, mama yake Shemsa, alikaa chumba cha pembeni na tasbihi yake. Ni desturi mama kuja kumwagia mwanawe maji ya mwisho. Bi Kazija alikwenda kumwita.

"Siwezi," alisema Bi Mize. "Miguu hainichukui."

Bi Kazija hakumshurutisha. Akarudi, akajiviringishia kitambaa mkononi, akasema bismillahi, akaanza.

Hakuwa akimfunua maiti. Alimwosha chini ya shuka, akifunua pale tu palipohitajiwa na kufunika tena, na Wanu alimwagia maji kwa kata pale alipoonyeshwa. Mwanzoni Wanu alitazama maji tu. Kisha ukaja mkono wa kulia, na Bi Kazija akauinua mpaka bega.

Juu ya kiwiko palikuwa na alama nne upande wa nje na moja ya ndani. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi. Wanu aliziona kama vile mtu anavyoliona jina lake limeandikwa: vidole vinne na gumba. Mkono wa mtu aliyesimama mbele yake akamkamata. Alama hizi zilikuwa nyeusi kwa wekundu. Lakini juu zaidi, karibu na kwapa, palikuwa na nyingine zilizogeuka kijani, na mgongoni, shuka ilipoinuka, palikuwa na pana iliyofifia, ya manjano kama ganda la ndizi. Mwalimu alikuwa amewafundisha. Damu iliyovilia hubadilika rangi siku kwa siku, na mwenye kuijua huihesabu. Wanu alihesabu bila ya kutaka. Jana. Wiki iliyopita. Wiki tatu nyuma.

Mtu haanguki ngazini kwa wiki tatu.

Alimtazama Bi Kazija. Bi Kazija alikuwa ameziona. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya zile alama, umefunika tano zote, na kwa muda haukwenda mbele wala nyuma.

"Mwagia," alisema.

Wanu akamwagia.

Walimsuka nywele mikia mitatu, wakamkausha, wakamvisha sanda, wakamtia karafuu maiti kwenye viungo vya sijda. Walipotoka, Bi Mize aliinua uso.

"Yukoje mwanangu?"

"Mzuri," alisema Bi Kazija.

Nje kulisimama wanaume wakingoja jeneza, na Matar kati yao, macho mekundu, kanzu imemkaa vibaya. Alikuwa analia kweli. Hilo Wanu hakulisahau kamwe. Alilia machozi ya kweli, akiyafuta kwa mikono yake miembamba.

Siku mbili Wanu hakugusa daftari. Siku ya tatu akaandika ukurasa mzima bila ya kuinua kalamu, akachora mkono, akachora vidole vinne na gumba, akaandika rangi. Bi Kazija alimkuta nao.

"Nisomee."

Wanu hakujua kumdanganya. Akasoma. Bi Kazija alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyosha mkono. Wanu alidhani atapigwa. Lakini bibi alitaka ukurasa tu.

"Huu ni mwili wake," alisema. "Umeutoa mle ndani ukaja nao nyumbani."

"Bibi, aliuliwa."

"Sijui aliuliwa. Wewe hujui. Tunajua alipigwa. Kuanguka aliangukaje, anajua Mungu na yeye na huyo mwengine." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nimewaosha wengi, Wanu. Unadhani Shemsa ni wa kwanza?"

Wakachimba kishimo nyuma, pale pale wanapozika kucha na nywele, wakaufukia ukurasa.

Hapo mambo yangekwisha, kama yalivyokwisha mara nyingi. Lakini Shemsa aliacha mtoto. Baada ya khitma ya arubaini, mazungumzo yakaanza nyumbani kwa Bi Mize, na Khamisa mwenyewe akamletea Wanu habari skuli, wakati wa mapumziko.

"Wananioza," alisema. Hakuonekana na furaha wala huzuni. "Kwa Matar. Mtoto asilelewe na mwanamke mwengine, alelewe na mama yake mdogo. Baba keshakubali. Ndoa baada ya mwezi wa mfungo sita." Kisha akacheka kidogo. "Angalau si mzee. Na hapigi kelele, umewahi kumsikia akipiga kelele?"

Wanu alirudi nyumbani, hakula. Akamweleza Bi Kazija huku amesimama.

"Yule wa kwanza umemsitiri," alisema. "Sasa na huyu utakuja kumwosha? Nikushikie ndoo tena?"

Hakuwahi kusema na mkubwa kwa namna hiyo. Bi Kazija hakumkemea. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mkono wake ukapanda wenyewe ukaegemea shavu, akashika tama ndani ya nyumba yake mwenyewe, na Wanu akaogopa kuliko kama angepigiwa kelele.

Siku tatu Bi Kazija alisali, akapika, akachambua mchele. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, alijitanda buibui lake.

"Nifuate. Utakaa dakani, huingii."

"Unakwenda kusema?"

"Niliahidi kusitiri aibu ya maiti," alisema Bi Kazija, akitafuta viatu vyake kwa mguu. "Nimeifikiri kila upande. Mtoto wa watu alipigwa. Aibu yake iko wapi? Ile si yake. Nimekuwa nikimfunika mtu mwengine, nikidhani namfunika yeye."

Akasimama kidogo mlangoni. "Miaka thelathini na miwili," alisema, akatoka.

Wanu alikaa dakani kwa Bi Mize, kwenye baraza ya ndani ya mlango, na ukuta ulikuwa mwembamba. Alisikia salamu. Alisikia kahawa inamiminwa. Alisikia Bi Kazija anasema maneno machache, bila ya kuyapamba: mkono wa kulia, mgongo, rangi tatu. Kisha kikombe kikawekwa chini.

"Ulimwosha mwanangu," alisema Bi Mize, "au ulimchungulia?"

"Mize, nisikilize. Khamisa asiende."

"Watu wamekuamini maiti wao. Wamekufungulia milango. Kumbe umekuwa ukihesabu!"

"Usimpeleke."

"Alianguka!" Bi Mize alipiga kelele, na kikombe kikavunjika. "Mwanangu alianguka!"

"Haya, alianguka," alisema Bi Kazija polepole. "Lakini siku ile hukuja kumwagia maji. Nimeona mama zao wanatambaa kwa magoti waje kumwagia. Wewe uliogopa nini?"

 Aliposema tena, Bi Mize alikuwa na sauti nyengine, ndogo, kama ya mtu anayesema na nafsi yake.

"Alikuja kwangu mara tatu. Mara ya tatu alinivulia nguo akanionyesha mgongo. Nilimkanda kwa maji ya chumvi. Nikampikia uji. Nikamwambia wanaume wote wana hasira, na una mtoto sasa." Akapumua. "Nikamrudisha mwenyewe, kwa mkono wangu, mpaka mlangoni kwake. Mumewe alinikaribisha kahawa."

Vigae vya kikombe vilisikika vikiokotwa.

"Sasa ondoka," alisema Bi Mize. "Ondoka, na Mungu asinionyeshe tena uso wako."

Khamisa hakuolewa. Watu waliambiwa ana ugonjwa wa kuanguka kifafa, kwamba ulimwanza ghafla, na kwamba si haki kumwoza. Ilikuwa sababu nzuri. Hakuna aliyemgusa Matar na hakuna aliyemwuliza kitu. Aliendelea kukaa dukani na kioo chake jichoni, akiwatajia watu dakika zao kamili.

Lakini habari nyengine nayo ilitembea, na hiyo ilitoka kwa Bi Mize. Haikusema alama. Ilisema tu kwamba Kazija mwosha anatangaza maiti. Anaosha na macho wazi, kisha anakwenda nyumba kwa nyumba. Na yule mjukuu wake wa Matemwe anaandika yote kwenye daftari la skuli, ili walimu wasome. Hilo la daftari lilikuwa na ukweli wa kutosha kulifanya jambo zima liaminike. Wote walikuwa wamemwona nalo kwenye hina.

Bi Riziki alifariki mwezi wa pili baada ya hapo. Mwosha akaitwa kutoka Ng'ambo. Bi Kazija alipata habari za msiba kwa watu waliopita dirishani kwake. Alivaa buibui, akachukua ndoo, akaenda. Mlangoni mtoto wa marehemu alimpa mkono vizuri, akamwambia, "Shikamoo Bi Kazija. Tumeshapata mtu," akabaki amesimama katikati ya mlango.

"Marahaba," alisema Bi Kazija, akarudi na ndoo yake.

Baada yake alikufa mwengine, na mwengine. Wanawake wazima, wenye afya, walikuwa wakiusia: nikifa, yeyote anioshe, asiwe Kazija. Ndoo ikageuzwa ya kukingia maji ya mvua.

Mwisho wa mwaka Wanu alikabidhi daftari lake. Mwalimu alilisifu mbele ya darasa: kitovu, mkaja, mshipa wa kooni, kila kitu mahali pake. Kisha akafika mwisho, akakuta kurasa mbili tupu. Juu yake pameandikwa *Kuoshwa* na chini hamna kitu.

"Hii ndiyo sehemu ambayo wewe ungeijua kuliko wenzako wote," alisema. "Unaishi na mwosha."

"Naam, Mwalimu."

"Basi kwa nini?"

Wanu alimtazama yule mtu wa ukutani, misuli yake yote nje na mikono ameifungua. "Sikuruhusiwa," alisema.

Nafasi ya ualimu ilikwenda kwa msichana mwengine. Wanu alipata kusomesha watoto wa darasa la kwanza huko Bububu, bila ya cheti, na kila Alhamisi jioni alirudi Kajificheni kulala kwa bibi yake.

Alhamisi moja ya mwaka 1956 alimkuta Bi Kazija ana vumbi mpaka magotini, amekaa barazani na viatu mkononi. Alikuwa ametoka Fumba. Matar alikuwa amechumbia huko, binti wa mvuvi, nyumba ambayo haikumjua mtu yeyote wa mjini. Bi Kazija alipata habari sokoni, akapanda gari peke yake, akaulizia nyumba mpaka akaipata.

"Walinipa maji," alisema. "Watu wema. Nikasema nilichokwenda kusema. Baba mtu akaniuliza jina. Nikamwambia. Akamwita mkewe, wakanong'ona." Alikung'uta kiatu kimoja dhidi ya kingine. "Akasema, 'Kumbe ndiye wewe. Tumesikia habari zako mpaka huku.'"

"Kisha?"

"Kisha nini? Ndoa Ijumaa ijayo. Wamenialika."

Bi Kazija alifariki mwaka wa 1958, mchana, katikati ya kuchambua mchele. Wanu alipeleka habari nyumba zote za mtaa. Wanaume walikuja kwa ajili ya jeneza, kama inavyostahili, wakakaa barazani. Wanawake walikuja wakakaa ukumbini wakasoma. Lakini alipouliza nani ataingia naye kuosha, kila mmoja alitazama msahafu wake. Mmoja alisema ana damu ya mwezi. Mwengine alisema miguu haimchukui.

Wanu alichimba ufuo mwenyewe kwa jembe la kupalilia. Alikuwa ametundika mashuka na kuponda majani ya mkunazi, na anajiuliza vipi mtu mmoja atamgeuza maiti na kumwagia maji kwa wakati mmoja, wakati shuka ilipofunuliwa akaingia Khamisa. Alikuwa na miaka ishirini sasa, hajaolewa, kwa kuwa ule ugonjwa aliosingiziwa haukuwahi kutoka midomoni mwa watu. Hakutoa salamu. Alivua kandambili, akakunja mikono ya nguo mpaka juu ya viwiko, akachukua kata.

"Sijui kufanya," alisema.

"Nitakuelekeza."

Wakaanza upande wa kulia. Bi Kazija alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko walivyotarajia. Wanu alifunua kidogo akafunika, akafunua akafunika. Mahali pamoja mkono wake ulisimama, akaivuta shuka vizuri zaidi.

"Mwagia," alisema.

Khamisa akamwagia. Maji yakapita kwenye kamba za kitanda yakaingia katika ufuo.

Walipotoka, wanawake wa ukumbini waliinua nyuso zao wakawatazama wale wasichana wawili. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mwisho mzee mmoja, aliyekaa karibu na mlango na ambaye huenda alisahau, akauliza kama inavyoulizwa siku zote.

"Yukoje?"

"Mzuri," alisema Wanu.